Nani Amemlegeza Mtoto Huyu?

Katika nyumba zetu nyingi mtoto akipatwa na ugonjwa usioeleweka, swali linalosikika kwanza ni hili: "Nani amemfanyia hivi?" Swali la "Anaumwa nini?" hufuata nyuma, na mara nyingine hufika likiwa limechelewa.

Sisi tunaoandika makala hii ni dada wawili wa tumbo moja. Mkubwa anaishi Morogoro na mumewe. Mdogo ameolewa Kilosa. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na kwa hiyo tutamwita binti yetu, ingawa aliyemzaa ni mmoja. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 9, binti yetu alilegea mwili mzima kwa muda wa siku tano. Swali lile la kwanza likaulizwa, na kidole kikaelekezwa kwa mmoja wetu.

Tumeamua kuandika pamoja kwa sababu ugonjwa uliompata una jina, unafahamika, na una namna zake. Akina mama wengi hawajapata kuusikia. Laiti ungekuwa unajulikana majumbani, lawama nyingi zisingekuwapo, na watoto wengi wangefikishwa hospitali mapema.

Jinsi ulivyoanza

Likizo ya Juni binti yetu aliitumia Kilosa kwa mama yake mdogo. Siku za mwisho za likizo aliharisha kwa siku tatu, tumbo likimsokota na homa kidogo. Watoto wengine wawili wa nyumba ile waliharisha pia, lakini kwa siku moja tu. Wote walipewa maji ya chumvi na sukari, wakapona, wakaendelea na michezo. Mtoto akarudi Morogoro, shule zikafunguliwa.

Siku ya kumi na moja tangu aharishe, alisema vidole vya miguu vinamtambaa kama vina sisimizi. Kesho yake alilalamika mgongo na mapaja. Siku ya tatu alichuchumaa chooni akashindwa kuinuka. Jioni ile kikombe cha uji kikamponyoka mkononi. Hakuwa na homa, na akili yake ilikuwa timamu kabisa. Jambo lililotushangaza ni kwamba miguu yote miwili ililegea kwa kiasi kimoja, kisha udhaifu ukapanda juu kama maji yanayojaa ndani ya mtungi.

Zahanati moja ya karibu ilimpima malaria, haikuonekana, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa amechoka kwa michezo. Jirani alileta mafuta ya kuchua. Mama mkwe, ambaye alikuwa amefika kututembelea, alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto huyu aliondoka hapa akiruka kamba. Amerudi kutoka kwa mdogo wako, sasa hasimami. Kikulacho ki nguoni mwako." Maneno yale yalifika Kilosa kwa simu kabla hata habari za ugonjwa hazijafika.

Siku ya nne sauti ya mtoto ikawa ndogo, na maji aliyokunywa yakampalia. Hapo hapakuwa tena na mjadala. Baba yake alimbeba hospitali, na kabla ya mapambazuko tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa tukielekea hospitali ya rufaa Dar es Salaam. Mdogo alitukuta huko akiwa na kanga mbili na chupa ya chai. Tulikumbatiana bila kusema lolote.

Daktari alitafuta nini?

Daktari alichukua nyundo ndogo ya mpira akamgonga mtoto chini ya goti. Kwa kawaida mguu huruka wenyewe. Wa binti yetu haukuruka, wala wa pili. Alimshika kila kidole akimuuliza kama anahisi. Aliuliza pia kama mkojo unatoka, maana ulegevu wa miguu unaoambatana na kuzuiwa mkojo tangu mwanzo unaweza kuwa umetokana na uti wa mgongo wenyewe.

Kisha akamwambia avute pumzi moja ahesabu kwa sauti mpaka imwishie. Siku ile alifika 24. Asubuhi iliyofuata alifika 15, na jioni 9. Sisi tulidhani ni mchezo wa kumtuliza mtoto. Kumbe ndicho kipimo tulichopaswa kukiogopa kuliko vyote, kwa kuwa misuli ya kifua nayo ilikuwa inalegea.

Walichukua kinyesi chake mara mbili kwa siku tofauti. Tulielezwa kwamba ni utaratibu kwa kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla, ili kuhakikisha kwamba si polio. Afrika ilitangazwa kuwa haina polio ya asili Agosti 2020, lakini mwaka 2022 virusi hivyo vilivyoingia kutoka nje vilionekana Malawi na Msumbiji, na kwa hiyo ulinzi haujalegezwa. Polio mara nyingi huja na homa na hulemaza upande mmoja kuliko mwingine. Majibu ya binti yetu hayakuonyesha polio.

Baadaye walimtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Maji hayo yalikuwa na protini nyingi, lakini chembe za damu nyeupe hazikuzidi. Hiyo ni alama kubwa ya ugonjwa huu, ingawa katika wiki ya kwanza huenda isionekane. Mwisho walipima mwendo wa umeme katika mishipa yake ya fahamu. Ulikuwa unakwenda polepole mno.

Jina lake na asili yake

Ugonjwa huu huitwa Guillain-Barré, na hutamkwa Giyan-Bare. Ni majina ya madaktari wa Kifaransa, Georges Guillain na Jean Alexandre Barré. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wao pamoja na mwenzao André Strohl waliandika habari za askari wawili waliolegea ghafla. Kabla yao, mwaka 1859, daktari mwingine Mfaransa, Jean Landry, alikuwa ameeleza ulegevu unaopanda kutoka miguuni. Kwa hiyo si ugonjwa mpya. Kwa mwaka humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000, wakubwa kwa wadogo, na wanaume huzidi wanawake kidogo.

Daktari alitueleza hivi. Mwili una walinzi wake, yaani kingamwili, ambazo hutengenezwa ili kupigana na vijidudu. Vijidudu vingine vina ngozi yenye sukari za namna fulani, na sukari hizo zinafanana sana na zile zilizo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Walinzi wakishaizoea sura ya adui, huiona sura ileile kwenye mishipa, nao huishambulia. Ni kama mgambo aliyeambiwa amkamate mwizi mwenye shati jekundu, naye akamkamata kila mwenye shati jekundu sokoni, hata baba mwenye duka.

Ndiyo maana ugonjwa huja wakati mtu amekwisha kupona kile cha kwanza. Wagonjwa wapatao wawili katika kila watatu walikuwa wameharisha, au wamepata mafua au kikohozi, katika wiki chache zilizotangulia.

Mwanzilishi anayejulikana zaidi ni bakteria aitwaye kampilobakta. Huishi ndani ya matumbo ya kuku na wanyama wengine, naye huingia kwa mtu kupitia nyama isiyoiva, maziwa yasiyochemshwa au maji machafu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mji wa Pune nchini India ulipata wagonjwa wengi wa Guillain-Barré kwa mkupuo, na maji machafu yakatajwa kuwa chanzo. Virusi navyo vimo: vya mafua makali, vya Zika, na vya UVIKO-19. Zika ilipoenea katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013 na 2014, na baadaye Brazili, wagonjwa wa ulegevu huu waliongezeka waziwazi.

Ndugu wengine walituuliza kuhusu chanjo. Tulimwuliza daktari, naye hakutuficha. Mwaka 1976 nchini Marekani, chanjo ya mafua ya nguruwe ilionekana kuongeza mgonjwa mmoja hivi katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Julai 2021, tahadhari ya namna hiyo ilitolewa kuhusu chanjo ya UVIKO-19 ya kampuni ya Janssen. Ni hatari ndogo sana ikilinganishwa na magonjwa ambayo chanjo huyazuia, tena maambukizi yenyewe ni mwanzilishi wa kawaida zaidi. Hakutuambia tuache kuwachanja watoto, na hatukuacha.

Namna zake

Wagonjwa wawili wa Guillain-Barré huweza wasifanane. Ili kuelewa, fikiria waya wa umeme. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Mshipa wa fahamu nao una uzi wa ndani, na una ganda la mafuta linaloitwa mayelini.

Namna ya kwanza hushambulia ganda. Ndiyo iliyo ya kawaida zaidi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na ndiyo iliyompata binti yetu. Ganda huweza kujengeka upya, ingawa huchukua wiki na miezi.

Namna ya pili hushambulia uzi wa ndani wa mishipa inayoendesha misuli. Mgonjwa hulegea lakini huendelea kuhisi akiguswa. Katika miaka ya 1990 watafiti waliieleza kutoka kaskazini mwa China, ambako watoto wa vijijini waliugua wakati wa kiangazi. Hii ndiyo inayofungamana zaidi na kampilobakta. Wengine hupona haraka, wengine huchukua muda mrefu.

Namna ya tatu hushambulia nyuzi za misuli pamoja na zile za kuhisi. Ni nzito zaidi, na kupona kwake ni polepole.

Namna ya nne huanzia machoni. Mgonjwa huona vitu viwiliviwili, hupepesuka kama mlevi, na goti lake haliruki likigongwa. Ilielezwa mwaka 1956 na daktari wa Kanada, Charles Miller Fisher, na huitwa kwa jina lake. Wengi wanaopata namna hii peke yake hupona katika miezi michache.

Wapo pia wachache ambao kwao ugonjwa huanzia usoni, au kooni na mikononi. Kwa namna zote, udhaifu hufika kileleni ndani ya wiki nne, na kwa wengi ndani ya wiki mbili. Ukizidi kuendelea kwa zaidi ya wiki nane, madaktari hufikiria ugonjwa mwingine wa jamii hiyohiyo, ule wa muda mrefu.

Siku za mashine

Usiku wa siku ya sita binti yetu aliwekewa mashine ya kupumulia. Wagonjwa kama wanne mpaka sita katika kila ishirini hufikia hapo. Alikaa nayo siku 16. Wauguzi walitueleza kwamba moyo na presha navyo huyumba katika ugonjwa huu, na kwa hiyo hata usiku hawakumwacha bila kumpima.

Dawa zenye msaada ni mbili, na moja yatosha. Ya kwanza ni kubadilisha plazma, yaani kuyatoa yale maji ya damu yenye kingamwili zilizopotoka. Ya pili ni imunoglobulini, ambayo hutengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watu wanaojitolea. Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa inafanya kazi sawa na ile ya kwanza. Dawa za steroidi, ambazo husaidia magonjwa mengine ya kingamwili, hapa hazionyeshi faida.

Imunoglobulini hupimwa kwa uzito wa mgonjwa: gramu 2 kwa kila kilo, zikigawanywa kwa siku tano. Binti yetu alikuwa na kilo 28, hivyo gramu 56. Tuliandikiwa chupa 11 za gramu tano. Bei yake ilitufanya tukae chini kwenye korido. Baba yake aliuza pikipiki, kikundi chetu cha VICOBA kikatoa mfuko wa jamii, na mdogo akauza cherehani iliyokuwa ikimlisha. Tunayaandika haya ili msomaji ajue kwamba ni vyema kuuliza mapema kama bima inalipia, maana dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Jambo moja twalisisitiza kwa kila anayemwuguza mgonjwa wa namna hii. Haongei, hakonyezi, lakini anasikia yote. Binti yetu alipotolewa mashine alitusimulia maneno tuliyosema kitandani pake, na hata nani alilia. Basi zungumza naye. Mweleze ni saa ngapi, nani amekuja, nini kinafanyika. Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Nyosha vidole na vifundo vyake kama mtaalamu wa viungo anavyofundisha. Wala usimwambie anadeka akisema shuka inamuumiza, kwa sababu maumivu ya mishipa ni ya kweli.

Lawama ilipofika kwa daktari

Mama mkwe alikuja hospitali wiki ya pili. Aliwatazama mabinti wawili wa watu, mmoja ameketi kulia kwa kitanda na mwingine kushoto, akanyamaza. Daktari alipopita akamwuliza waziwazi, "Mwanangu, niambie, nani amemfanyia mjukuu wangu hivi?"

Daktari alivuta kiti akaketi. Akasema, "Mama, shikamoo. Hakuna mtu. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe, imekosea njia. Watoto watatu waliharisha, wawili wakapona, huyu mmoja akapata haya. Katika watu 1,000 wanaougua kwa bakteria yule, kama mmoja tu ndiye hufikia hapa, na hakuna anayeweza kujua mapema ni nani. Hata kama chakula kile tungekijua, aliyekipika hakumroga mtu."

Mama mkwe alikaa kimya. Kisha akasema, "Basi kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe nguo yenyewe ni ngozi." Hakuomba radhi kwa maneno, na sisi hatukumdai. Alimwambia mdogo, "Nenda ukalale, mwanangu, nitakaa mimi." Akakaa. Tangu siku ile akawa na zamu yake kama sisi.

Wengi hupona, si wote. Hata katika hospitali zenye kila kitu, wagonjwa watatu mpaka watano katika kila 100 hufariki, na kama mmoja katika watano hawezi kutembea bila msaada baada ya miezi sita. Kitanda cha jirani yetu kilikuwa na kijana mmoja ambaye hakurudi kwao. Binti yetu alikaa hospitali wiki saba. Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, akajifunza kushika kijiko, kisha kusimama akiegemea ukuta. Februari 2024 alivuka ua peke yake. Leo anakwenda shule kwa miguu, ingawa akikimbia huchoka kabla ya wenzake.

Mambo ya kushika

Mama mwenzetu, yashike haya machache. Mtoto au mtu mzima akipata ganzi na ulegevu wa miguu yote miwili unaopanda juu, mpeleke hospitali siku ileile, hata kama hana homa. Sauti ikififia, maji yakimpalia au pumzi ikiwa fupi, usingoje kupambazuke. Mweleze daktari kama aliharisha au alikohoa katika wiki zilizopita. Mama aliyejifungua karibuni akilegea hivyo, asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa uzazi, maana ugonjwa huu huweza kumpata naye.

Jikoni, kuku aive mpaka ndani, pasibaki wekundu karibu na mfupa. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni, wala maji ya kusafishia kuku yasirukie vyombo. Maziwa yachemke. Watoto wanaookota mayai bandani wanawe mikono. Haya yatapunguza kuharisha kwa nyumba nzima, ingawa hayawezi kuzuia kila jambo.

Na ikitokea ndugu yako ameuguliwa na mtoto kwa namna hii, usimwulize alimlisha nini. Mwulize zamu ya usiku ina nani.